Kura ya Viti

Jumatatu, 3 Juni

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Tena mbele ya watu thelathini.

Jana ibada ilikuwa tena sebuleni kwa Mchungaji. Sebule ya watu kumi wanaoheshimiana. Sisi ni thelathini na mmoja, kila mtu na kiti alichokibeba kutoka kwake, maana kanisa letu lina miezi saba na halina hata benchi. Magoti mgongoni, viwiko mbavuni. Kusimama kuimba ni kwa zamu. Mwisho wa ibada Mchungaji akatangaza kwamba mwenye nyumba amechoka na ngoma zetu. Jumapili ijayo lazima tuwe mahali pengine.

Mwalimu wa Udereva akainuka pale pale. Akasema ana ukumbi wa kufundishia, madirisha pande mbili, feni mbili, ubao. Ghorofa ya tatu. Watu wakashangilia. Ghorofa ya tatu! Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anapiga makofi kama wenzake, lakini baada ya makofi mkono mmoja ulirudi kwenye goti.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema na mimi natoa karakana yangu ya viti. Wakaangua kicheko. Mama Mapazia, anayeshona mapazia mtaa wa nyuma, akauliza kama tutaimba juu ya randa au chini yake.

Mchungaji wetu bado kijana, umri wa kifungua mimba wangu, ila ana misimamo. Hapendi kura ya kunyoosha mikono, eti watu hunyoosha huku wanatazamana. Akaamua hivi: Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, kila mshirika aweke kiti chake mahali anapopataka. Viti vihesabiwe. Penye viti vingi ndipo kanisani.

Sababu yangu naiandika humu tu. Goti la mke wangu limeharibika tangu mwezi wa tatu. Kizingiti cha nyumba yetu anakivuka akiwa ameshika fremu ya mlango, akidhani simwoni. Ghorofa ya tatu hapandi. Na kanisa hili ni lake kuliko la mtu yeyote: ni yeye na wanawake wengine wanne walioanza kusali nyuma ya duka la Mama Mapazia, kabla hata Mchungaji hajapatikana. Ukumbi ukishinda, atabaki nyumbani kila Jumapili akiningoja nimsimulie mahubiri. Na mimi mahubiri huwa siyakumbuki.

Ningeweza kusema tu. Lakini amenikataza, kwa kidole. Anasema watu wakishaanza kukuambia pole, wanaacha kukuambia njoo. Nikithubutu kumtajia mtu habari za goti lake, nitamtambua. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, sijawahi kutaka kumtambua.

Basi itabidi nitumie akili. Ninazo.


Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuipamba karakana.

Nimefagia unga wa mbao tangu alfajiri. Magunia matatu! Sikujua nimekuwa nikiishi na magunia matatu. Nimetoa makochi yaliyochanika, nimeficha sofa la yule mteja aliyehama bila kuaga, nimepangusa utando wa buibui. Karakana haina ngazi hata moja. Mlango mpana, sofa la watu wanne linapita. Hatua kumi na tisa kutoka jikoni kwetu. Mke wangu angeweza kuja akiwa amefumba macho.

Ilipofika saa nne nikapata wazo la kuipaka sakafu vanishi. Nilikuwa na kopo zima. Ikang'aa hiyo sakafu! Nikasimama mlangoni nikajipongeza.

Mchungaji akapita saa tano kuona mahali, kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa nimeenda nyuma kunawa. Nikasikia ananiita kwa upole, mara moja, kisha mara ya pili kwa upole uliopungua. Nikatoka. Alikuwa amesimama katikati ya karakana, viatu vimenasa. Ameinua mguu wa kulia, kiatu kimebaki. Akaweka soksi. Soksi nayo ikabaki.

Nikatupa mbao mbili, akatembea juu yake kama daraja. Mke wangu alikuwa ameshafika dirishani. Akaleta viatu vyangu vya Jumapili akampa Mchungaji, saizi mbili zaidi, akaenda navyo akiburuza mtaa mzima. Nikamsikia akimwambia muuza magazeti kwamba karakana ina "mvuto".

Viatu vyake bado vimo ndani. Vimesimama katikati vikitazama mlango.

Mke wangu aliniuliza tangu lini karakana ya viti inahitaji sakafu ya kioo. Nikasema ni usafi wa kawaida. Akaniuliza kama kawaida imeanza leo.


Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: kutafuta kasoro za ukumbi na kuzisambaza.

Siwezi kwenda kuchungulia tu, nitashtukiwa. Nikaenda kama mtu anayetaka kujifunza udereva. Sina gari. Sijawahi kutaka gari. Mwalimu wa Udereva alifurahi kiasi cha kunishika mabega, akasema umri si kitu, akaniandikisha papo hapo.

Ngazi ni hamsini na nne, kona tatu. Nimezihesabu mara mbili, kupanda na kushuka. Kufika juu nilikuwa nahema, na mimi magoti yangu ni mazima.

Ukumbi, naandika kwa uchungu, ni mzuri. Feni zote mbili zinazunguka. Kuta hazina ufa. Upepo unapita. Nikagonga ukuta hapa na pale. Mwalimu akaniuliza natafuta nini, nikasema napenda kuta. Akanipa maji ya kunywa. Halafu, kwa kuwa nimeshaandikishwa, akanikalisha na wasichana wawili na muuza mitumba, akatupa mtihani wa alama za barabarani. Nimepata tisa kwa kumi! Niliyoikosa ni ile ya kumpisha mwenzako.

Wakati wa kuondoka akanisindikiza hadi chini. Akauliza mbona mama siku hizi simwoni kwenye mazoezi ya kwaya. Nikasema ana shughuli nyingi. Akasema sauti yake inakosekana, wale wengine wote wanaimba kama wanagombana. Alisema kwa wema, hakuwa na nia yoyote mbaya. Hapo nikamchukia kwa nguvu zangu zote, maana mtu mbaya ningemmudu.

Nilipokuwa narudi nikapitia kwa Mama Mapazia. Jina lake la utani ni Redio, kwa hiyo ukimwambia yeye umemwambia kila mtu. Nikamnong'oneza kwamba ule ukumbi, dada yangu, sakafu inalia mtu akikanyaga. Akaacha cherehani. Akaniuliza sakafu ya zege inaliaje.

Nikanunua pazia moja ili nipate pa kutokea.


Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa nakunywa chai wazo likaja lenyewe, nikaunguza ulimi.

Kura ni viti. Mimi ni fundi wa nini? Wa viti! Penye viti Jumamosi saa sita ndipo kanisani. Sasa viti vikiwa vinatengenezwa kwangu Jumamosi saa sita, viko wapi? Viko kwangu! Sikudanganya mtu, sikumhonga mtu. Hata sheria ya Mchungaji sijaigusa.

Saa mbili nilikuwa dukani kwa Mama Mapazia. Nikamwomba atangaze: kabla hatujahamia mahali papya, fundi atakarabati viti vya washirika wote bure, ni zawadi yake kwa kazi ya Bwana. Hapo kwenye "kazi ya Bwana" dhamiri ikanichoma. Nikaipiga msasa, ikatulia.

Kabla ya saa sita walishaanza kuja. Walitoka kila upande, viti vichwani. Viti vya kulia chakula, viti vya kukunja, kiti cha nesi kilichoingia maji, kiti cha plastiki ambacho nilimweleza mwenye kiti kwamba plastiki sio fani yangu akasema nitafanya ninavyoweza. Mzee Kimya, aliyestaafu posta na ambaye kanisani hajawahi kusema zaidi ya amina, akaleta stuli yake ya miguu mitatu. Akaiweka chini, akanipa mkono, akaondoka.

Hadi jioni, ishirini na sita! Kati ya thelathini na moja!

Kitu kimoja kimenitibulia furaha. Mwalimu wa Udereva naye alileta kiti chake, akakibeba mwenyewe, akawaambia waliokuwepo kwamba mashindano ni mashindano lakini fundi ana moyo wa dhahabu. Wakanipigia makofi. Nikatazama pembeni. Nilijisikia mdogo, skrubu ni kubwa.

Mke wangu aliuliza viti vyote hivi vimekuja kufanya nini. Nikasema ni ukarabati. Akauliza bure? Nikasema bure. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa.


Ijumaa, 7 Juni

Maji yamenifika shingoni.

Asubuhi niliamka na hofu. Vipi kama mtu atakuja Jumamosi mapema kuchukua kiti chake? Nikapiga moyo konde. Nikafungua miguu ya viti vyote. Kiti kisicho na miguu hakiendi popote. Nilifanya kazi kwa kasi, nikiimba, miguu natupa huku, makalio ya viti natupa kule. Kile cha plastiki tu ndicho nilichokiacha.

Saa tano nikageuka. Rundo moja la miguu mpaka kiunoni. Na sijaweka alama hata kwenye mguu mmoja! Mimi! Fundi wa miaka thelathini, ninayewagombeza wanafunzi wa ufundi kwa kosa hili hili! Nilikaa sakafuni karibu na viatu vya Mchungaji.

Mke wangu akaja na uji. Akatazama rundo. Akanitazama mimi. Akageuza ndoo, akakaa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, mpaka machozi, mpaka uji ukamwagika. Nikamwambia si jambo la kuchekesha, kesho watu wanataka viti. Akacheka upya. Sijamsikia akicheka vile tangu goti lianze. Nikasahau kwa dakika nzima kwamba nimeharibikiwa.

Kisha akafuta macho, akaniambia nimpe mguu mmoja. Akaupindua, akautazama chini. Akasema huu ni wa Mama Mapazia, umelika upande wa kushoto, kwa sababu siku zote anaegemea kushoto amnong'oneze jirani. Nikampa mwingine. Akasema wa Mwalimu wa Udereva, una alama za kisigino, hukanyaga breki wakati wa mahubiri. Nikadhani anatania. Nikaupima kwenye kiti chake: ukaingia sawasawa.

Tukakaa hivyo mchana wote, mimi na gundi na jiriwa ya kubania, yeye na rundo. Anawajua wote. Yule mwanamke mwenye mapacha, kiti chake kina mikwaruzo miwili sambamba. Yule mshona viatu hukaa ukingoni tu, miguu ya mbele imechoka, ya nyuma mipya kabisa. Kumbe miezi saba sebuleni mimi nilikuwa natazama migongo, yeye alikuwa anatazama watu. Stuli ya Mzee Kimya aliishika muda mrefu. Akasema huyu hukaa bila kutikisika hata kidogo, miguu yote mitatu iko sawa, na tangu mkewe afariki hakuna aliyemwuliza kitu. Akasema Jumapili atakaa naye.

Akasema Jumapili. Nikaona anatazama mlangoni, upande wa barabara inayoelekea ule ukumbi, na mkono uko kwenye goti.

Nilitaka kumshika mkono. Mikono yangu ilikuwa imejaa gundi.

Jua likazama tumebakiza viti saba. Akaniuliza, bila kunitazama, hivi viti vyote hivi ni kwa ajili ya nini hasa. Nikasema ukarabati. Akasema haya.


Jumamosi, 8 Juni

Niandike haraka kabla sijalala, maana sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi watu wakaja kuchukua viti wakapige kura. Nikawaambia gundi haijakauka, kiti kikiguswa leo sitawajibika. Hiyo ilikuwa kweli. Wakauliza watapigaje kura. Nikasema wasijali, kura zao ziko salama kwangu.

Hapo Mama Mapazia akanitolea macho. Akasema ahaa. Akasema ahaa tena, kwa sauti ya Redio. Baada ya robo saa mtaa wote ulikuwa unasema ahaa.

Lakini jamani, watu wa kanisa hili wana akili! Kura ni kitu cha kukalia, si lazima kiwe kiti. Wakaenda makwao, wakapanda ghorofa ya tatu na ndoo, masanduku ya soda, tairi, sufuria la shughuli lililopinduliwa. Mama Mapazia alipandisha benchi la cherehani. Saa sita Mchungaji akahesabu. Kwangu viti ishirini na sita. Ukumbini vikalio ishirini na viwili. Jumla arobaini na nane, na sisi ni thelathini na mmoja! Mchungaji akafunga daftari. Akasema kura zimezidi wapiga kura, na sisi ni kanisa. Akataka wote tukutane ukumbini saa kumi.

Mke wangu akasema yeye hatakwenda, ana maharage jikoni. Nikapanda peke yangu. Nilikuwa nimemwangusha, na hata sikuweza kumwambia kwamba nilijaribu.

Ukumbini nilipigwa maneno ya haki. Mshona viatu alisema amekaa kwenye sufuria na kwamba hilo hatalisahau. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mchungaji akanyoosha mkono, wakanyamaza. Akaniuliza, akiwa bado na viatu vyangu miguuni, kwa nini naitaka sana karakana. Sema tu fundi, akasema, hapa ni nyumbani.

Watu wote wananitazama. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikafungua mdomo. Nikasema huku juu kuna ndege wanaoweza kuingia dirishani.

Ndege!

Na hapo ndipo tukasikia mtu kwenye ngazi. Hatua. Kimya. Hatua. Kimya. Zile hatua nazijua, huzisikia kila siku kutoka jikoni kwenda uani. Nilitaka kumkimbilia, nikakumbuka kile kidole chake. Mwalimu wa Udereva akaenda mlangoni, akachungulia chini, akarudi nyuma. Tukangoja. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kwenye ya tatu alipumzika muda mrefu na mimi niliomba sala ambayo haina maneno.

Akatokea. Amefunga kilemba chake cha Jumapili, jasho linamtiririka, mkono kwenye fremu ya mlango. Akatusalimu. Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe:

"Nimepanda. Mara moja naweza. Kila Jumapili siwezi, goti limekataa. Na mimi nataka kuja. Hilo ndilo huyu bwana amekuwa akilisema wiki nzima na viti vyenu."

Nilitaka sakafu ilie kweli inimeze.

Mwalimu akasukuma kiti chake cha kufundishia, akamkalisha. Watu wakamzunguka. Pole mama, pole dada, pole sana. Nikamwona anakaza shingo, anangoja neno lile lingine lipotee. Halikupotea. Mama Mapazia alikuwa tayari anamgombeza Mwalimu: sasa atakujaje, huku juu hakufai, karakana nayo ile vanishi inaniumiza kichwa, hebu fikiri, mwanamume wewe! Walisema pole, kisha wakasema njoo. Yote mawili kwa mkupuo.

Mwalimu akafikiria. Akasema chini kuna banda la magari ya kufundishia. Jumapili magari yanaweza kukaa nje. Sakafu ina mafuta, lakini ni tambarare, unaingia moja kwa moja kutoka barabarani. Mchungaji akamwuliza mbona hukusema tangu mwanzo. Akasema hakuna aliyemwuliza, na yeye alidhani watu wanapenda madirisha.

Hakukuwa na kura. Mzee Kimya alisema amina na ikawa imepita.

Kushuka, akashushwa na kile kile kiti, wanaume wanne, mimi mguu wa nyuma kulia. Alikataa kabisa. Kwenye kona ya kwanza bado anakataa. Kwenye ya pili alikuwa amekaa kama bibi harusi, akitoa amri taratibu jamani taratibu. Mwalimu alitangulia akitupa maelekezo: tupunguze mwendo, tuoneshe ishara kabla ya kona, tusiyumbe. Wasichana wawili wa darasani kwake walikuwa wanapanda, ikabidi wapishe.

Njiani kwenda nyumbani nikamwuliza tu amejuaje. Akasema nimeishi naye miaka thelathini na miwili nikidhani naishi na kipofu.


Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Bandani.

Tulisugua mafuta tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na brashi yake. Harufu ya petroli imebaki kidogo, Mchungaji alisema ni mwanzo. Viti vyote vilikuwepo. Vile saba vya mwisho niliviunga peke yangu jana alfajiri kwa kubahatisha, na nilibahatisha vibaya. Waliovikalia walikuwa wanayumba ibada nzima, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mume na mke waliokuwa wanapita njiani waliona, wakadhani Roho ameshuka, wakaingia. Sasa tuko thelathini na watatu.

Mke wangu alikaa mstari wa pili, Mzee Kimya upande wake. Sikusikia walichoongea, lakini waliongea. Mzee Kimya aliongea!

Halafu wakaimba. Yeye alikuwa hajaimba mbele ya watu tangu mwezi wa tatu. Ile sauti ya pili, ya chini, inayopita katikati ya wengine wote bila kusukuma mtu. Kwaya ikaacha kugombana. Mimi nilikuwa mlangoni kupokea watu. Nililia. Mama Mapazia akanikuta, nikasema ni unga wa mbao. Akatazama huku na huku bandani, hakuona mbao.

Wakati wa chakula cha mchana mke wangu aliweka kijiko chini. Akasema niahidi kitu kimoja: kuanzia leo, nikiwa na jambo, nilitoe kwa mdomo. Bila viti, bila vanishi, bila kujiandikisha udereva. Nikainua mkono wa kuume nikaahidi. Niliahidi kutoka rohoni kabisa.

Akasema vizuri. Akauliza sasa kuna jambo lolote nataka kumwambia.

Lilikuwepo. Lilikuwa hapa kooni. Kwamba nilipomsikia akiimba nilijiona nina bahati kuliko mwanamume yeyote aliye hai, na kwamba miezi hii mitatu nyumba ilikuwa kimya hata tukiwa tunaongea. Nikavuta pumzi.

Nikasema maharage yanahitaji chumvi.

Akanisogezea chumvi.


Jumatatu, 10 Juni

Nimelala nikiwaza, nimeamka na mpango. Huu hauna kasoro.

Ahadi ni ahadi, nitalitoa. Ila si lazima litoke kwenye mdomo wangu mimi. Nitamwandikia Mchungaji barua isiyo na jina. Nimeshaianza, hii ni nakala ya tatu. Inasema: mimi ni muumini wa kawaida, sina uhusiano wowote na mama wa mstari wa pili mwenye kilemba, naomba apewe ubeti wa kuimba peke yake kila Jumapili, kwa sababu sauti yake inamfanya mtu ajione ana bahati kuliko mwanamume yeyote aliye hai. Mchungaji ataisoma, atamwita, atamsomea. Ujumbe utakuwa umefika na mimi nitakuwa sipo kabisa!

Naiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Karatasi nimechana kwenye kitabu cha oda za karakana, lakini naandika upande wa nyuma, na nani hutazama mbele ya karatasi iliyoandikwa nyuma? Jumapili naitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka wakati watu wamefumba macho.

Mke wangu amepita sasa hivi na kikombe cha chai. Amesimama nyuma yangu kitambo. Ameuliza kwa nini naandika kwa kushoto. Nimesema daktari amesema ni mazoezi mazuri kwa damu. Amesema haya, amenishika bega, ameondoka taratibu kuelekea jikoni, na sasa namsikia huko anaimba, kwa sauti kubwa kuliko jana, mlango ameuacha wazi.

Hajashtukia kitu.